Nilikwenda kusikiliza mhadhara wa picha London, nikakuta sandarusi ya kwetu

Mzawa wa Saadani (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Jambo hili limenikaa kifuani wiki ya pili sasa, na hapa nilipo sina wa kumsimulia kwa Kiswahili, kwa hiyo nawaletea ninyi. Ni refu, mnivumilie.

Nafanya usafi wa maofisi hapa London, zamu ya usiku. Natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, nalala, na mara moja kwa wiki naamka mapema kidogo nikapande basi hadi Trafalgar Square, kwenye makumbusho ya picha ya National Gallery. Kuingia ni bure. Mwanzoni nilikuwa napita tu kama anayepita sokoni bila hela: huku watakatifu, kule wafalme, naondoka. Kilichonibadilisha ni mihadhara yao. Mchana mtaalamu anasimama mbele ya picha, sisi tunachukua viti vya kukunja, na kwa nusu saa au zaidi anaizungumzia picha hiyo moja. Wengine ni wanahistoria. Wengine ni watu wa maabara kabisa, wakemia na wanafizikia, maana nyumba ile ina idara yake ya sayansi tangu 1934, na wa kwanza kuiongoza alikuwa mwanafizikia, Ian Rawlins. Sikujua kama mkemia anaweza kuajiriwa na makumbusho ya sanaa. Nilidhani wakemia wanakwenda viwandani na hospitalini basi.

Picha ya kwanza kunikamata ni ya Joseph Wright wa Derby, aliyoichora 1768. Inaonyesha jaribio la ndege ndani ya pampu ya hewa. Ina upana wa karibu mita mbili na nusu, hivyo watu waliomo wanakaribia kuwa na kimo chetu. Ni usiku, chumba cha watu wenye uwezo, familia na wageni wameizunguka meza. Katikati kasimama mzee mwenye nywele ndefu nyeupe, anakutazama wewe uliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Juu ya meza kuna tufe la kioo, na ndani yake kasuku mweupe. Hewa imenyonywa. Kasuku kaanguka, bawa moja limefunguka. Mkono wa mzee uko kwenye vali pale juu: akiifungua hewa itarudi na ndege atapumua, asipoifungua ndege amekwisha. Binti mmoja kaziba macho. Mdogo wake anatazama juu kwa hofu. Kushoto kuna kijana na msichana wanaotazamana wao kwa wao, hawana habari na kasuku. Mshumaa wenyewe huuoni, umefichwa nyuma ya chombo cha kioo mezani, unachoona ni mwanga wake kwenye nyuso.

Msemaji siku ile alituambia kwamba katika karne ya 18 Uingereza ilikuwa na wahadhiri waliozunguka mji hadi mji na pampu zao, wakionyesha sayansi kwa watu wa kawaida kwa kiingilio. Akasema: hawa mnaowaona wako kwenye mhadhara, kama ninyi sasa hivi. Nilitazama pembeni yangu. Palikuwa na mama na mtoto wa shule, wazee wawili, kijana mmoja mwenye sare ya wasambazaji wa vyakula, na mimi. Kila mmoja alikuwa na uso wake, kama kwenye picha. Sitaisahau dakika ile.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Wiki mbili zilizopita mada ilikuwa vanishi, yaani ule utando unaopakwa juu ya picha ikishakauka, kuilinda na kuizidishia rangi kina. Mwanamama wa maabara alituonyesha picha ile ile imepigwa chini ya mwanga wa urujuanimno, yaani UV: vanishi ya zamani inang'aa kijani kijani kama maji ya bwawa, na pale palipowahi kukarabatiwa panaonekana peusi. Akaeleza vanishi za kale zilitengenezwa kwa utomvu wa miti. Akataja mastiki ya kisiwa cha Chios, Ugiriki. Akataja damari ya Asia ya kusini mashariki. Halafu akasema, ngumu kuliko zote na iliyopendwa sana na watengenezaji wa vanishi wa karne ya 19 ilikuwa kopali, na kopali bora kabisa ilitoka Zanzibar, ikichimbwa ardhini bara yake.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Saadani. Babu yangu alikuwa akituonyesha mashimo porini akisema haya walichimba wazee sandarusi. Nikainua mkono. Sijawahi kuinua mkono mle ndani, Kiingereza changu ni cha kazini. Nikamwambia hiyo kopali kwetu inaitwa sandarusi, na mimi natoka kule ilikochimbwa. Akanyamaza kidogo, akaniomba nilitamke tena taratibu, akaliandika kwenye daftari lake herufi kwa herufi. Mhadhara ulipokwisha alinifuata akaniuliza maswali matano. Niliweza kujibu moja.

Ndiyo maana nimekuja hapa. Nani anajua habari za sandarusi? Na nani amewahi kuhudhuria mihadhara ya namna hii popote pale, sanaa na sayansi zikiwa zimekaa kiti kimoja? Nataka wiki ijayo nirudi na majibu.

Kijana wa Manzese

Kaka heshima yako, umeandika vizuri. Lakini niseme ukweli wangu bila kuficha. Huku watu tunawaza kodi ya nyumba na ada za watoto. Picha ya kasuku wa Mwingereza inamsaidia nini Mtanzania? Hata hiyo sandarusi, walichukua, wakapaka picha zao, zimekaa kwao, na sisi tunaambiwa habari zake kama wageni. Mimi ningefurahi zaidi kama ungetuambia walilipa kiasi gani.

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Mleta uzi, asante sana. Nimefundisha kemia kidato cha tatu na cha nne kwa miaka kumi na moja, na nikwambie, hapo umenipa vipindi vitatu.

Wenzangu mnaouliza sayansi inaingiaje kwenye picha, nieleze kwa ufupi. Mchoraji wa zamani alipaka nyeupe iliyotokana na risasi, ile metali. Risasi ni nzito, inazuia eksirei. Kwa hiyo ukiipiga picha eksirei kama anavyopigwa mgonjwa wa kifua, kila palipo na nyeupe ya risasi panatokea peupe, hata kama pamefunikwa na rangi nyingine juu yake. Ndivyo wanavyogundua mkono uliohamishwa au sura iliyofutwa. Infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ni kinyume chake kidogo: inapenya rangi nyingi lakini makaa yanaimeza, hivyo mchoro wa kwanza uliochorwa kwa kitu cheusi chenye kaboni unaibuka.

Kuna buluu iliyoitwa smalti, ni kioo chenye kobalti kilichosagwa. Baada ya miaka mingi ndani ya mafuta, potasiamu inatoka kwenye chembe za kioo na buluu inageuka kijivu. Mbingu unayoiona imepauka leo, mchoraji aliipaka buluu. Na njano ya kromiamu, ambayo mchoraji Van Gogh aliitumia sana kwenye alizeti zake: mwanga unaifanya kromiamu itoke hali ya oksidisheni +6 iende +3, na njano inakuwa hudhurungi. Wanafunzi wangu huwa wanakariri hizo namba za oksidisheni kwa mtihani tu. Nikiwaambia kuna alizeti zinanyauka ukutani kwa sababu ya namba hizo, watakumbuka mpaka uzeeni.

Manzese, swali lako la kiasi gani walilipa ni swali zuri na halipingani na la mleta uzi. Anayejua sandarusi ilitumika wapi ndiye anayeweza kuuliza ilinunuliwa kwa bei gani.

Mzawa wa Saadani (mleta uzi)

Mwalimu, hayo ya infraredi niliyaona kwa macho yangu. Kuna picha ya Jan van Eyck ya 1434, mfanyabiashara Arnolfini na mwanamke aliyevaa gauni la kijani, wameshikana mikono, na miguuni pao mbwa mdogo mwenye manyoya. Ni picha ndogo, ukisogea unaona kila unywele wa yule mbwa. Msemaji alitoa ile ya infraredi akaiweka pembeni: mikono imesogezwa, nyayo za mwanamume zimesogezwa, na mbwa hayupo kabisa. Hakuwemo kwenye mchoro wa mwanzo. Van Eyck alimwongeza moja kwa moja kwa rangi. Watu wote tuliinama kwa pamoja kumtazama yule mbwa upya.

Manzese, ndugu yangu, sijakasirika hata kidogo. Nami nalipa kodi ya nyumba, tena ya London. Lakini nikusimulie jambo moja nililolisikia kwenye mihadhara ile ile. Vita Kuu ya Pili ilipoanza waliziondoa picha zote London kuziepusha na mabomu, na kuanzia 1941 zikahifadhiwa ndani ya mlima, kwenye mgodi wa mawe ya kuezekea huko Manod, Wales. Rawlins na wenzake wakagundua kitu ambacho hawakukitarajia. London, kila mwaka rangi ilikuwa ikibanduka kwenye mbao na mafundi wanahangaika kuibandika. Mgodini ubandukaji ukakoma karibu wote. Sababu: ndani ya mlima joto na unyevu havibadiliki. Mbao hazivimbi wala hazisinyai, rangi inatulia. Baada ya vita ndipo wakaanza kutengeneza hewa ya vyumba vya makumbusho iwe tulivu vile vile. Sasa fikiria misahafu iliyoandikwa kwa mkono, milango ya nakshi na picha za harusi za wazazi wetu, vyote viko pwani, kwenye unyevu unaopanda na kushuka kila siku. Elimu ile ni ya kwetu pia.

Binti Amsterdam

Wapendwa, mimi niko Uholanzi na nimeusoma uzi huu wote nikiwa kwenye treni. Naomba niongezee la huku.

Makumbusho ya Rijksmuseum ya hapa Amsterdam wana picha ya mchoraji Rembrandt ya 1642 inayoitwa Zamu ya Usiku, kubwa kuliko ukuta wa sebule nyingi, karibu mita nne kwa mita nne na nusu. Tangu Julai 2019 wanaichunguza hadharani. Hawakuipeleka maabara, walijenga chumba cha kioo kuizunguka pale pale ukumbini, na sisi tunasimama nje tukitazama watafiti wakifanya kazi. Mara ya kwanza nilipokwenda, mashine ya eksirei ilikuwa inatambaa mbele ya picha polepole mno, nusu saa nzima haikuvuka hata bega la askari mmoja. Hakuna aliyeondoka. Watoto walikaa chini sakafuni.

Waliipiga picha 8,439, wakaziunga zikawa moja yenye gigapikseli 717, yaani nukta bilioni 717, iko wazi kwenye intaneti kwa kila mtu. Mwalimu, ifungue darasani: unakuza mpaka unaona ufa kwenye chembe ya rangi. Chini ya rangi wamekuta Rembrandt alichora kwanza kwa rangi ya ugoro yenye chokaa. Na kuanzia Novemba 2024 wameanza kuondoa vanishi ya zamani, hadharani vile vile, mbele ya umma.

Kuna kisa ambacho mleta uzi atakipenda. Mwaka 1715 waliikata hiyo picha pande zote nne ili itoshee ukutani kwenye ukumbi wa mji. Vipande vikapotea. Lakini kabla ya kukatwa kulikuwa na nakala ndogo iliyochorwa na Gerrit Lundens, na nakala hiyo ni mali ya National Gallery ya hapo hapo London kwako. Mwaka 2021 walitumia nakala hiyo kuifundisha kompyuta ichore sehemu zilizokosekana kwa mkono wa Rembrandt, wakazitundika pembeni ya picha halisi kwa miezi kadhaa. Niliiona. Wale askari wawili wa mbele, picha ilipokamilika, hawakuwa tena katikati kama tulivyozoea kuwaona. Walikuwa wanaelekea mahali fulani.

Kiingilio cha huku si bure kama London. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, na mimi huwapeleka wanangu.

Bibi Mkunazini

Assalaam alaykum wanangu. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, mimi nasema yeye anaandika.

Hilo la sandarusi nimelikulia. Zanzibar tulikuwa hatuichimbi kwa wingi sisi, ilikuja na majahazi kutoka Mrima: Saadani, Bagamoyo, na kusini mpaka Kilwa. Ikifika mjini inachambuliwa na kuoshwa kwa maji ya magadi ili gamba la udongo litoke. Ikishaoshwa, ile nzuri inatoka na vipele vipele juu yake, kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Hivyo vipele ndivyo wanunuzi walivyovitafuta, ndiyo alama yake.

Ipo sandarusi ya mtini na ya ardhini. Ile ya mtini, laini, thamani ndogo, huitwa chakazi. Huyo Mwingereza Richard Burton, aliyepita pwani hii 1857, aliandika kwamba wafanyabiashara wa huku Zanzibar waliligeuza neno chakazi wakalifanya «jackass», ambalo kwa Kiingereza ni punda dume. Mwanangu wa London, huyo mama wa maabara akitaja hilo jina, mwambie punda hayumo. Ni neno letu.

Kijana wa Manzese aliuliza walilipa nini. Marehemu baba alikuwa akisema: walilipa nguo. Wamarekani wa mji wa Salem walianza kuja mapema, na konseli yao wa kwanza alifika Unguja 1837. Walileta shuka za pamba wakachukua pembe na sandarusi, na shuka hizo tukaziita merikani kwa jina la kwao mpaka leo. Mchimbaji porini alipata shuka moja kwa kazi ya siku nyingi. Faida ilikuwa ya waliokaa mjini na waliokaa ng'ambo. Hilo nalo mlieleze mkialikwa kuzungumza.

Kijana wa Manzese

Shikamoo bibi. Umenijibu kuliko nilivyotarajia. Merikani nimeisikia tangu utoto na sikuwahi kujiuliza jina limetoka wapi.

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Shikamoo bibi. Niongeze la upande wangu. Mti wenyewe ni msandarusi, kwa jina la kitaalamu Hymenaea verrucosa, bado upo kwenye misitu ya pwani. Utomvu ukizikwa miaka mingi, molekuli zake zinashikamana na kuwa ngumu kiasi kwamba hauyeyuki kwenye spiriti wala mafuta. Kuufanya vanishi ilibidi uchemshwe peke yake kwa joto la zaidi ya nyuzi 300 mpaka uachie, ndipo unachanganywa na mafuta ya kitani. Kazi ya hatari, yenye moto na moshi mzito. Walioitumia zaidi walikuwa watengenezaji wa magari ya farasi. Wachoraji nao waliichanganya kwenye rangi zao, hasa wale vijana wa London wa kati ya karne ya 19 waliojiita Pre-Raphaelite, akina Holman Hunt.

Ugumu huo ndio tatizo la mafundi wa leo. Vanishi ya mastiki inaondoka kwa kiyeyushi cha kawaida. Ya kopali na mafuta inang'ang'ania, na ukiilazimisha unaweza kuondoka na rangi. Ndiyo maana lazima kwanza wachukue punje ndogo kama nukta, waipitishe kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha vilivyomo, wajue ni utomvu gani kabla hawajaigusa picha kwa pamba yenye kiyeyushi. Na tuseme haki: si kila kopali iliyomo kwenye picha za Ulaya ni ya kwetu. Nyingine ilitoka Sierra Leone, Kongo, hata New Zealand.

Mjukuu wa Kibokoni

Wadau, nawasalimu kutoka Mombasa. Mazungumzo haya yamenigusa kwa kuwa mimi huongoza wageni Fort Jesus.

Ndani ya makumbusho yetu kuna ukuta uliochorwa na Wareno walipokuwa ngomeni, karne ya 17 mwanzoni. Ni meli, samaki, watu, hata kinyonga. Wamechora kwa mkaa na ngeu nyekundu, basi. Wageni hupita wakapiga picha ya simu, dakika moja, wakaenda kutazama mizinga. Tangu nisome alivyoandika mwalimu kuhusu makaa na infraredi nimekuwa nasimama pale peke yangu asubuhi kabla ya lango kufunguliwa. Kuna merikebu moja, mlingoti wake una mistari miwili sambamba, mmoja mzito na mmoja hafifu, kama aliyechora alikosea akarudia. Nimeipita miaka sita sikuiona.

Jana nimefanya jaribio. Kikundi cha wanafunzi wa shule kilikuja, nikawaambia leo mizinga baadaye, kaeni chini hapa. Nikawauliza: mwanajeshi aliyefungiwa ndani ya ngome angepata wapi wino? Mmoja akasema jikoni, mkaa. Mwingine akasema ngeu iko kwenye udongo. Tukazungumza kutu ni nini na kwa nini wekundu wa ngeu haujapauka miaka mia nne, nikawaeleza chumvi ya bahari inavyopenya ukutani, inakauka, inakuwa fuwele na kuusukuma upako nje. Tulikaa dakika arobaini kwenye ukuta mmoja. Mwalimu wao ndiye aliyesema muda umekwisha.

Fundi Rangi, Dar

Habari zenu wakubwa. Mimi nachora Tingatinga, nimejifunza kwa mjomba. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na hadibodi na rangi za mafuta za dukani, zile tunazoita rangi za baiskeli, na alifariki 1972. Sisi mpaka leo ni rangi hizo hizo za madebe.

Nina swali la kikazi. Nimechora ndege wawili wanaofanana, mandhari nyeupe. Mmoja nimemtundika dukani, mwingine nilimfunga kwenye gazeti nikamweka chini ya kitanda kusubiri mteja. Baada ya miezi minane nimemfungua, nyeupe yake imekuwa manjano kama ugali wa mahindi ya njano. Aliyekaa juani ni mweupe vile vile. Nilidhani jua ndilo linaloharibu. Mteja amekataa kuichukua. Kosa langu ni nini?

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Fundi, hukukosea kuchora. Rangi za mafuta za madebe zina mafuta ya mimea ndani yake, na mafuta hayo yakikauka yanaendelea kubadilika. Gizani vinazaliana vitu vya manjano, mwanga ukipata nafasi unavipausha. Ndiyo maana wa ukutani ni mweupe. Mtoe huyo wa chini ya kitanda, muweke dirishani palipo na mwanga wa kutosha lakini si jua kali la moja kwa moja, wiki kadhaa, umtazame. Jua kali litakupaushia nyekundu na pinki kabla halijakusaidia. Na usifunge kwa gazeti, lina asidi na wino wake unahama.

Naomba na wewe unisaidie. Andika mahali, kwa tarehe, umetumia rangi gani kwenye picha gani, iliyochanganywa na nini. Miaka hamsini ijayo kuna mtu atatafuta habari hiyo kwa mashine za bei mbaya, na ingekuwa kwenye daftari lako.

Fundi Rangi, Dar

Nimemtoa leo leo, mwalimu. Na daftari nimenunua. Ukurasa wa kwanza nimeandika huyo ndege.

Mwanaidi wa Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, habari za jioni wengine. Nimechelewa kuuona uzi lakini nina kitu mkononi.

Bibi mzaa mama alikuwa na kijaluba cha shaba, ndani mna pete, hirizi na jiwe la rangi ya asali lililo jepesi kupita kiasi. Tukiwa watoto alitwambia ni sandarusi, alipewa na baba yake aliyechimba huko nyuma ya Bagamoyo. Bibi hayuko tena, kijaluba kimebaki kwangu. Baada ya kumsoma Bibi Mkunazini nimelitoa nikalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Lina vipele upande mmoja, vidogo vidogo, vimepangana. Upande wa pili limevunjika na pale ni laini kama kioo. Ndani yake, karibu na ukingo, kuna sisimizi mmoja. Miguu yote sita naihesabu.

Halafu nikakumbuka ule mwanga wa urujuanimno aliousema mleta uzi. Kaka yangu ana duka, ana ile taa ya kukagulia noti bandia. Nimekwenda usiku huu, tumezima taa za dukani, tumeliweka chini yake. Limetoa mng'ao hafifu, mweupe wenye ubuluu, isipokuwa pale kwenye ufa ambapo ni peusi. Kaka yangu, ambaye kwa kawaida hana habari na mambo haya, ameomba alishike tena. Nimelipiga picha kwa simu, namtumia mleta uzi faraghani ampelekee mama wa maabara. Jiwe lenyewe haliondoki Bagamoyo, linabaki kwangu.

Mzawa wa Saadani (mleta uzi)

Mwanaidi, nimeipokea picha. Nimeiangalia nikiwa kazini, kwenye ngazi za ghorofa ya tisa, nikakaa chini.

Jumatano narudi Trafalgar Square. Nimeandika kila mlichonipa kwenye karatasi mbili, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: vipele, magadi, merikani, mashimo, msandarusi. Bibi Mkunazini, shikamoo. Neno moja nataka nilipeleke likiwa sahihi. Chakazi ni ile inayokutwa mtini peke yake, au hata iliyodondoka ikafukiwa na mchanga?

Bibi Mkunazini

Marahaba mwanangu. Zote mbili. Ya mtini, na iliyodondoka ikafukiwa juu juu pale shinani. Iliyozama chini kabisa, mahali ambapo hata mti wenyewe haupo tena, hiyo ndiyo sandarusi. Andika hivyo.